Mkulima asikubali jibu la 'mashine imesema'

Kuna jibu moja ambalo siku hizi limekuwa la kawaida katika mkoa wetu wa Tanga. Mfugaji wa Muheza akiuliza kwa nini malipo yake ya maziwa yamepungua, anajibiwa kwamba ndivyo kompyuta ilivyotoa. Mama anayeuza samaki pale Deep Sea akiuliza kwa nini mkopo wake hauishi, anaonyeshwa karatasi iliyochapwa na kuambiwa kuwa mfumo ndio unaokokotoa. Mkulima wa korosho kule Mkinga akitaka maelezo ya makato, anaombwa asubiri kwa kuwa mfumo unasumbua. Kwa kifupi, mashine imesema, na mashine haibishani na mtu.

Maoni yangu ni kwamba jibu hilo halitoshi, na mkulima au mfanyabiashara mdogo anayelipokea kila mwezi bila kuuliza zaidi ameacha mfuko wake mikononi mwa mtu asiyemjua. Hata hivyo, dawa si kugombana na karani, kwani aghalabu naye hajui mashine imefikaje kwenye tarakimu ile. Dawa ni kujifunza jinsi mashine inavyoagizwa. Na njia fupi ninayoifahamu ya kujifunza hilo ni lugha ya kompyuta iitwayo BASIC, ambayo ilitungwa mwaka 1964 na ambayo vijana wengi wa mjini watakuambia kuwa imezeeka.

Najua wapo watakaocheka. Mkulima wa machungwa na lugha ya kompyuta wapi na wapi? Namwomba msomaji awe na subira, kwa sababu mwishoni mwa makala hii ataona kwamba mstari mmoja tu wa programu unaweza kumgharimu Sh135,000.

Tuanze na jambo lenyewe. Kompyuta haina akili ya kupanga bei wala huruma ya kusamehe deni. Inafuata orodha ya maagizo aliyoandika mtu, agizo moja baada ya jingine, na orodha hiyo ndiyo inayoitwa programu. Kwa mantiki hiyo, anayesema kuwa mashine imesema, anachosema hasa ni kwamba kuna mtu aliyeiandikia mashine kanuni ya kukokotoa. Kanuni hiyo inaweza kuwa sahihi. Inaweza kuwa na kosa. Na inaweza kuwa sahihi kabisa kihesabu lakini isiwe ile mliyokubaliana kwenye mkutano.

Sisi watu wa Tanga tulikuwa na programu kabla hatujawa na kompyuta. Wazee waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge wanakijua kipande, ile kadi ambayo manamba alitiliwa alama kwa kila siku ya kazi aliyoimaliza. Malipo yalitoka pale kadi ilipotimia siku 30 za kazi. Kadi yenye siku 29 ilikuwa bado. Kanuni ile haikuwa siri, na ndiyo maana hata mtu asiyejua kusoma aliweza kuhesabu alama zake na kujua amebakiza ngapi. Kwa lugha ya BASIC kanuni nzima inaandikwa kwa mstari mmoja:

IF S < 30 THEN PRINT "Kadi bado"

IF maana yake ni kama, THEN ni basi, na PRINT ni kuiamuru mashine iandike. S ni idadi ya siku. Kama siku ni pungufu ya 30, basi andika kadi bado. Msomaji aliyeuelewa mstari huo ameshasoma programu yake ya kwanza. Na kama ana simu ya kutumia pesa, basi amekuwa ndani ya programu za namna hiyo tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008. Anapobonyeza 1 kutuma pesa, upande wa pili kuna agizo lisemalo kama amebonyeza 1, basi mpeleke huku.

Lugha hii ilitoka wapi? Walioitunga ni walimu wawili wa hisabati wa Chuo cha Dartmouth nchini Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz. Programu yake ya kwanza ilifanya kazi alfajiri ya Mei 1, 1964, siku tano tu baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Wakati huo kompyuta ilikuwa chombo cha wanasayansi na wahandisi, na kuiagiza kulihitaji mafunzo marefu. Walimu wale walitaka mwanafunzi yeyote wa chuo chao, hata anayesoma historia au muziki, aweze kukaa mbele ya mashine na kuiamuru siku hiyo hiyo. Wakachagua maneno machache ya kila siku, wakaweka namba mwanzoni mwa kila mstari ili mpangilio uonekane, na wakaiita jina ambalo kirefu chake ni msimbo wa maagizo kwa wanaoanza, unaofaa kazi zote.

Mwaka huo huo wa 1964 nchi yetu ilizalisha mkonge takriban tani 230,000, kiwango ambacho hatujakifikia tena, na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu. Kwa hiyo hatukuwa watu wa nyuma. Tulikuwa tunaiuzia dunia kamba. Na kompyuta nayo haikuchelewa kufika, kwa maana ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha Dar es Salaam mwaka 1965. Lakini matumizi yake serikalini yaliishia kwenye matatizo na gharama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa kidogo kidogo miaka ya baadaye.

Ikumbukwe ni miaka gani tuliyoikosa. Mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya marufuku yetu, vijana wawili wa Marekani, Bill Gates na Paul Allen, waliandika BASIC ya kompyuta ndogo iliyoitwa Altair, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya Microsoft. Katika miaka ya 1980 kompyuta nyingi za nyumbani kule Ulaya na Marekani zilikuwa zinawashwa na moja kwa moja zinamsubiri mwenyewe aandike BASIC. Mtoto wa fundi bomba au wa muuza duka aliiwasha, akaandika mistari mitatu, akaona mashine inamtii. Wengi wao hawakuwa wataalamu wa kompyuta, lakini walikua wakijua kwamba mashine ni kitu cha kuamriwa.

Sisi kompyuta ilipotufikia kwa wingi, ilitufikia ikiwa imeshafungashwa. Vyuo vidogo vya mitaani vilivyofunguliwa Tanga mjini, kama vilivyofunguliwa kote nchini, vilifundisha kuchapa barua na kujaza majedwali. Si vibaya, na wengi wamepata riziki kwa elimu hiyo. Ila ni elimu ya kutumia alichoandika mwingine. Hatua ya kumwona mtu akiiandikia mashine kanuni, tuliiruka. Nadhani hapo ndipo lilipozaliwa lile jibu la 'mashine imesema'.

Sasa tuje kwenye shilingi. Nitatoa mifano miwili, na tarakimu zote ni za mfano ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Mfano wa kwanza ni wa maziwa. Mkoa wa Tanga unajulikana kwa wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa wanaopeleka maziwa kwenye vituo vya kukusanyia na kulipwa baadaye kwa jumla. Chukua mfugaji anayepeleka lita 8.4 kila siku kwa siku 30, na bei iwe Sh1,000 kwa lita. Programu ya kujumlisha lita zake ni hii:

10 LET J = 0
20 FOR S = 1 TO 30
30 INPUT "Lita za leo", L
40 LET J = J + L
50 NEXT S
60 PRINT "Jumla ya lita", J

Mstari wa 10 unaanza jumla na sifuri. Mstari wa 20 unasema tutarudia kazi hii siku ya 1 hadi ya 30. Wa 30 unamuuliza karani lita za siku hiyo. Wa 40 unaziongeza kwenye jumla. Wa 50 unairudisha mashine kwenye siku inayofuata, na wa 60 unaandika jibu. Jumla ya mfugaji wetu ni lita 252, sawa na Sh252,000 kabla ya makato.

BASIC ina neno jingine, INT, ambalo kazi yake ni kuondoa kilicho baada ya nukta. INT ya 8.4 ni 8. Sasa chukulia kwamba mwandishi wa programu, kwa kutaka vitabu visiwe na nukta nyingi, aliandika mstari wa 40 hivi:

40 LET J = J + INT(L)

Kila siku nukta nne inakatwa. Mwisho wa mwezi jumla inakuwa lita 240. Lita 12 hazionekani, ambazo ni Sh12,000. Lakini mwandishi huyo huyo angeiweka INT mwishoni, kwenye mstari wa 60, mfugaji asingepoteza hata nusu lita kwa mwezi mzima, maana jumla ya 252 haina cha kukatwa. Neno ni lile lile, mahali ndipo palipobadilika. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba vilevile hukitoboa.

Sisemi kwamba kuna chama au kiwanda kinachofanya hivyo. Ninachosema ni kwamba mfugaji anayejua kuwa kukata nukta ni uamuzi wa mtu, na kwamba unaweza kufanywa kila siku au mara moja kwa mwezi, ataweza kuuliza swali moja fupi kwenye mkutano wa wanachama: je, mnaondoa nukta lini? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kusema mashine imesema. Litamlazimu mwenyekiti akaulize, na jibu litaandikwa kwenye muhtasari.

Mfano wa pili ni wa mkopo, na huu unamhusu zaidi mfanyabiashara mdogo. Umekopa Sh1,000,000 kwa miezi 10, riba asilimia 3 kwa mwezi, na kila mwezi unarudisha Sh100,000 ya deni pamoja na riba. Utalipa riba kiasi gani kwa jumla? Programu yake ni hii:

10 LET D = 1000000
20 LET R = 0
30 FOR M = 1 TO 10
40 LET R = R + D * 0.03
50 LET D = D - 100000
60 NEXT M
70 PRINT "Riba yote ni", R

D ni deni na R ni riba. Kila mwezi mashine inachukua asilimia 3 ya deni lililopo, inaiongeza kwenye riba, kisha mstari wa 50 unapunguza deni kwa ile Sh100,000 uliyolipa. Mwezi wa kwanza riba ni Sh30,000, wa pili ni Sh27,000, wa tatu ni Sh24,000, na kuendelea hadi mwezi wa mwisho ambapo ni Sh3,000 tu. Jumla ni Sh165,000.

Sasa futa mstari wa 50, uacha mingine kama ilivyo. Riba inaendelea kukokotolewa kwenye Sh1,000,000 ileile hata mwezi wa kumi, wakati mkononi mwako kimebaki Sh100,000 tu cha mkopeshaji. Jumla inakuwa Sh300,000. Mikopo yote miwili imetangazwa kuwa ya asilimia 3 kwa mwezi. Tofauti ni Sh135,000, nayo imo kwenye mstari mmoja.

Ndugu msomaji, namna zote mbili za kukokotoa zipo sokoni, na hakuna aibu kwa mkopeshaji kutumia hii au ile kama mkopaji ameelezwa na akakubali. Tatizo ni mkopaji anayetia saini akidhani kuna mstari wa 50, kumbe haupo. Watu wameiita mikopo ya namna mbaya zaidi 'kausha damu', na jina hilo halikutoka hewani. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya mtandaoni yaliyokuwa yakikopesha bila kibali. Hatua hiyo ni njema. Lakini Benki Kuu haiwezi kukaa na kila mama lishe wa Ngamiani anapojaza fomu. Leseni inakuambia kuwa mkopeshaji anatambulika. Haikuambii kama mkopo huu unakufaa wewe. Hesabu hiyo ni yako.

Wapo watakaosema kwamba hesabu hizi zinaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi, tena kwa kikokotoo cha simu. Ni kweli, na mtu aanzie hapo hapo. Tofauti ni kwamba kikokotoo kinakupa jibu moja na kusahau ulivyolipata. Programu inabaki. Ukishaiandika, unabadilisha riba iwe asilimia 5, unabadilisha miezi iwe 6, unaona kinachotokea kabla hujaenda kukopa. Muhimu zaidi, kuiandika kunakulazimisha useme kanuni nzima bila kuruka kitu. Mashine haielewi mtu akisema 'na yale makato mengine'. Itasimama na kukuambia kuna kosa, nawe utagundua kwamba hata wewe mwenyewe hukuwa unajua makato hayo yanakatwa kwenye nini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Programu ni daftari linalokokotoa.

Hoja nyingine itatoka kwa vijana waliosoma. Watasema, kama ni kujifunza, basi ajifunze Python, lugha ya kisasa inayofundishwa vyuoni. Watakumbusha pia kwamba mwaka 1975 mtaalamu mkubwa wa kompyuta, Mholanzi Edsger Dijkstra, aliishambulia BASIC kwa maneno makali, akidai kuwa inaharibu fikra za wanaoanza nayo. Ukweli ni kwamba hoja yake ilikuwa na msingi kwa watu wanaokwenda kuandika programu kubwa za maelfu ya mistari. Ukizoea kuruka ovyo kutoka mstari hadi mstari, programu kubwa inakuwa kichaka. Lakini mfugaji wa Pongwe haandiki programu ya benki. Anaandika mistari saba ya ng'ombe wake wawili. Kijana mwenye mwalimu wa Python na aanze na Python, hatapungukiwa. Lakini mtu mzima anayejifunza jioni baada ya shamba, bila mwalimu na pengine bila intaneti, ananufaika na lugha yenye maneno machache, ambayo mistari yake ina namba kama vifungu vya katiba ya chama na inaweza kusomwa kwa sauti mkutanoni.

Tena BASIC haijafa kama inavyodhaniwa. Kompyuta nyingi za ofisi zenye Excel zina Visual Basic ndani yake, mtoto wa lugha hii hii. Kwa wanaoanza kuna QB64, inayopatikana bure na inayofanya kazi bila intaneti ikishapakiwa, na kuna Small Basic iliyotolewa na Microsoft mwaka 2008 mahsusi kwa wanaojifunza. Hazihitaji kompyuta mpya. Kompyuta ya mtumba ambayo vijana wanaibeza kwa kuwa haichezi michezo yao inatosha kabisa.

Hoja ya tatu ni ya leo hasa. Siku hizi kuna akili mnemba, ambayo ukiiomba programu inakuandikia yenyewe. Kwa nini basi mtu ahangaike? Jibu langu ni kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika zaidi. Zamani kanuni ya malipo yako iliandikwa na mtu uliyeweza kumtafuta. Kesho itaandikwa na mashine kwa kuagizwa na karani asiyejua kuisoma. Hapo tutakuwa na majibu mawili ya 'mashine imesema', moja juu ya jingine. Asiyeweza kusoma mistari saba hatajua kama mstari wa 50 upo au haupo, hata kama programu nzima imebandikwa ukutani mbele ya macho yake.

Hata hivyo, nisimpe msomaji matumaini ya uongo. Kujifunza BASIC hakutamfanya mtoto wako apate ajira mjini, na anayetangaza hivyo anatafuta ada. Wala programu haiwezi kurekebisha mzani mbovu. Ukiiingizia uzito wa uongo itakupa malipo ya uongo, yaliyochapwa vizuri. Mkulima wa mahindi wa Handeni anayejaziwa lumbesa anahitaji kwanza mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ndipo azungumzie kompyuta. Na palipo na wizi wa makusudi, panahitaji polisi na maofisa ushirika. Lugha ya kompyuta haimkamati mtu. Inachofanya ni kuonyesha swali liulizwe wapi.

Nini kifanyike? Kwanza, chama cha msingi chochote cha wakulima au wafugaji kinachotumia kompyuta kwa malipo kiandike kanuni zake za kukokotoa kwa Kiswahili, kwenye ukurasa mmoja, na kuubandika ofisini. Lita zinajumlishwaje, nukta zinaondolewa lini, kila kato linakatwa kwenye nini na kwa utaratibu gani. Hii haihitaji bajeti. Kama viongozi hawawezi kuandika ukurasa huo, basi hata wao hawajui mashine yao inafanya nini, na wanachama wana haki ya kulijua hilo mapema.

Pili, kikundi cha watu watano au sita kinaweza kuanza kujifunza bila kusubiri mradi. Shule nyingi za sekondari zina kompyuta chache zinazolala bila kazi baada ya saa za masomo. Mwalimu wa hisabati akiombwa vizuri, na akafikiriwa nauli, anaweza kusimamia saa mbili kila Jumamosi. Wiki ya kwanza ni PRINT na LET, yaani kuandika jibu na kuweka tarakimu mahali pake. Wiki ya pili ni INPUT, mashine iulize. Ya tatu ni IF na THEN, masharti. Ya nne ni FOR na NEXT, kurudia. Baada ya mwezi kila mmoja alete karatasi yake ya malipo au ya mkopo, na kazi ya kikundi iwe kuandika programu itakayotoa jibu lilelile. Ikitoa jibu jingine, mnazo sababu mbili za kuchunguza: ama mmekosea nyinyi, ama wamekosea wao. Nawaomba waanze kujikagua wenyewe, kwa kalamu, kabla ya kwenda ofisini kwa makelele.

Tatu, wazazi wawaingize watoto katika kazi hiyo, maana wao watashika haraka kuliko sisi. Jirani zetu ng'ambo ya Horohoro hawajalala. Kenya mwaka 2022 iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa Mkinga na mtoto wa Kwale watakutana sokoni wakiwa watu wazima, mmoja akinunua machungwa na mwingine akiuza. Itakuwa hasara kama mmoja tu ndiye atakayejua bei ilivyokokotolewa.

Wajerumani walipofungua shule ya serikali hapa Tanga katika miaka ya 1890, walitaka makarani na maakida wa kuwaandikia hesabu na kusoma barua zao. Wachache waliojua kalamu wakawa wasemaji wa wengi wasioijua, na si wote waliosema kwa haki. Ilituchukua muda mrefu na kampeni za elimu ya watu wazima hadi mkulima wa kawaida akaweza kuisoma stakabadhi yake mwenyewe. Stakabadhi hiyo sasa inaandikwa na programu. Kwa hiyo mwezi huu ukienda kuchukua malipo, au kabla ya kutia saini mkopo, usiulize tu ni kiasi gani. Omba waonyeshe kwa maandishi jinsi kilivyokokotolewa, kisha uende nacho nyumbani ukakihesabu mwenyewe.